Klasi ya HashMap na Kazi ya Kuifanya Ipanuke

HashMap ni klasi ya lugha ya Java ambayo kazi yake ni kutunza jozi: ufunguo na thamani inayoambatana nao. Namba ya simu ya mteja ni ufunguo, salio lake ni thamani; neno ni ufunguo, idadi ya mara lilizotokea kitabuni ni thamani. Ikipewa ufunguo, HashMap hurudisha thamani papo hapo, jozi ziwe kumi au milioni kumi, bila kuzipekua moja moja. Ndiyo maana ni shida kukuta programu kubwa ya Java, iwe ya benki, ya shirika la ndege au ya simu ya Android, isiyoitumia.

Klasi inayotumika kiasi hicho haikawii kukutana na mahitaji ambayo waandishi wake hawakuyawekea nafasi. Mwanaprogramu mmoja anataka "Asha" na "ASHA" zihesabiwe ufunguo mmoja. Mwingine anataka jozi zitoke kwa mpangilio uleule zilioingia. Wa tatu anahitaji hifadhi isiyozidi jozi mia moja, ambayo ikijaa itatupa jozi iliyokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Wa nne anataka jozi zijifute zenyewe kumbukumbu ya kompyuta inapobana. Wote wanne wanahitaji jedwali lilelile, lenye tofauti ndogo mahali fulani. Kinachobaki ni kujua kama tofauti hiyo inaweza kuingizwa kwa mistari michache, au kila mmoja atalazimika kunakili klasi nzima na kuanza kuikatakata.

Jedwali lenyewe ni wazo la zamani kuliko Java. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliliandika katika waraka wa ndani mwaka 1953. Ufunguo hupitishwa kwenye hesabu inayotoa namba, iitwayo namba ya hashi, na namba hiyo huonyesha chumba cha safu ambamo jozi itawekwa. Karani wa posta hufanya vivyo hivyo: hamtafuti mwenye barua kwa jina, anatazama namba ya sanduku na kwenda moja kwa moja. Lakini katika jedwali la hashi funguo mbili tofauti zinaweza kuangukia chumba kimoja. Kwa hesabu ya Java, maandishi "Aa" na maandishi "BB" yote hutoa namba 2112. Jozi zilizogongana hivyo hufungwa pamoja kwa mnyororo, na utafutaji hupita kwenye mnyororo huo ukilinganisha funguo mpaka unaotakiwa upatikane. HashMap huanza na vyumba 16. Jozi zikizidi robo tatu ya idadi ya vyumba, yaani 12 kwa safu ya mwanzo, safu huongezwa maradufu na jozi zote hupangiwa vyumba upya.

Ndani ya maelezo hayo mafupi kumejificha maamuzi mengi. Namba ya hashi inakokotolewaje? Funguo mbili zinahesabiwa sawa kwa kigezo gani? Ingizo, yaani kile kipande cha kumbukumbu kinachobeba jozi, lina sehemu zipi? Nini kinafanyika jozi inapoingia, inaposomwa, inapotoka? Safu inakua lini? Katika msimbo ulioandikwa kwa haraka, maamuzi hayo yote huchanganyika ndani ya methodi moja ndefu, na anayetaka kubadili moja hulazimika kuyagusa yote. Kuipanga upya klasi ili ipanuke ni kuyatenganisha, kila uamuzi ukapata methodi yake yenye jina, huku jedwali likiendelea kufanya kazi kama lilivyokuwa. Sharti hili la mwisho ndilo linalotofautisha kupanga upya na kuandika upya. William Opdyke alilifanyia utafiti katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, na kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999 kikalifikisha kwa wanaprogramu wa kawaida: muundo unabadilika, matokeo hayabadiliki.

Java yenyewe ilijifunza jambo hili kwa kukosea mapema. Toleo la kwanza, la Januari 1996, lilikuja na klasi ya Hashtable, iliyorithi klasi nyingine iliyoitwa Dictionary. Juu yake ikatengenezwa klasi ya Properties ya kutunza mipangilio ya programu, ambayo funguo na thamani zake zinapaswa kuwa maandishi matupu, na ikafanywa mtoto wa Hashtable. Kwa kuwa mtoto hurithi kila kitu, Properties ilirithi pia methodi ya put, inayopokea kitu cha aina yoyote. Mtu anaweza kutia namba au tarehe ndani ya mipangilio, na programu isilalamike mpaka siku ya kuhifadhi faili, ambapo inaanguka. Maelezo rasmi ya Java yanawaonya watumiaji wasiitumie put katika Properties, lakini kuiondoa haiwezekani tena, kwa sababu programu zilizokwishaandikwa zinaitegemea.

Desemba 1998, toleo la 1.2 lilileta mfumo mpya wa makusanyo uliosanifiwa na Joshua Bloch katika kampuni ya Sun. Hapo ndipo HashMap ilipozaliwa. Hatua kubwa haikuwa HashMap yenyewe, bali kuwekwa kwa kiolesura cha Map juu yake: orodha ya yale ambayo jedwali lolote linapaswa kuyatimiza, bila kusema yanatimizwaje. Chini ya kiolesura ikawekwa klasi ya AbstractMap, inayomfanyia mwanaprogramu karibu kila kitu alimradi aandike methodi moja inayotoa mkusanyiko wa jozi. Hata Hashtable ya zamani ilirekebishwa ikatii kiolesura kipya. Programu iliyoandikwa kwa kutaja Map tu ingeweza kubadilishiwa jedwali bila kuguswa mstari mwingine.

Ndani ya HashMap, hata hivyo, mambo yalibaki yamefungwa. Safu ya vyumba, maingizo na methodi za kuyaongeza vilionekana kwa klasi za kifurushi kilekile tu, yaani kwa watengenezaji wa Java wenyewe. Mwaka 2002 toleo la 1.4 lilipoleta LinkedHashMap, jedwali linalokumbuka mpangilio wa kuingia, lilijengwa kwa kurithi HashMap na kuandika upya methodi kama addEntry na createEntry. Mtu wa nje hakuweza kufanya hivyo. Yeye aliachiwa methodi moja tu, removeEldestEntry, inayoulizwa kila jozi mpya inapoingia: je, ile kongwe kuliko zote iondolewe? Jibu la kawaida ni hapana. Mwanaprogramu anayetaka hifadhi ya jozi mia moja huiandika upya methodi hiyo kwa mstari mmoja, ijibu ndiyo idadi inapozidi mia, na kazi yake imekwisha. Ni mfano mzuri wa upanuzi uliopimwa: swali moja, jibu la ndiyo au hapana, na sehemu nyingine zote za klasi zikabaki salama.

Wenye haja kubwa zaidi ya hiyo walipata jibu katika Commons Collections, maktaba ya msimbo huria ya Apache. Kabla ya toleo lake la 3.0, maktaba hiyo ilikuwa na majedwali yaliyojengwa kila moja kwa njia yake; hifadhi yenye ukomo, LRUMap, ilisimama juu ya SequencedHashMap, klasi yenye msimbo wake peke yake wa kufuatilia mpangilio. Mwaka 2004, katika toleo la 3.0, msingi wa pamoja uliwekwa: AbstractHashedMap. Hii ni HashMap iliyoandikwa tangu mstari wa kwanza ili irithiwe, na maelezo yake yanalisema hilo waziwazi.

Kinachovutia katika klasi hiyo ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Methodi ya kutafuta thamani haina maamuzi ndani yake, inawauliza wengine. Kwanza inaita convertKey, inayopewa nafasi ya kuugeuza ufunguo kabla haujatumika. Inaita hash ili kupata namba, kisha hashIndex ili kupata chumba. Katika kuupitia mnyororo inaita isEqualKey. Upande wa kuingiza, put haiundi ingizo kwa mkono wake: inaita addMapping, ambayo nayo inaita createEntry ili ingizo liumbwe, addEntry ili liwekwe mahali pake, na checkCapacity ili iamuliwe kama safu ikue. Kufuta, kusafisha na hata vitembezi vinavyopitia jozi zote vina methodi zao. Klasi mtoto huchagua ile inayomhusu na kuziacha nyingine zilivyo.

Matokeo yake yanaonekana katika ufupi wa watoto waliozaliwa. HashedMap, jedwali la kawaida, haiongezi karibu chochote. CaseInsensitiveMap, ile ya "Asha" na "ASHA", hubadili hasa convertKey: kila ufunguo hushushwa kuwa herufi ndogo kabla ya kuguswa. Upungufu wake ni kwamba anayeomba orodha ya funguo atazipata kwa herufi ndogo, si kama alivyoziandika. IdentityMap, inayoziona funguo mbili kuwa sawa pale tu zinapokuwa kitu kilekile katika kumbukumbu, hubadili namna ya kukokotoa hashi na namna ya kulinganisha. Jedwali linalotunza mpangilio huongezea ingizo sehemu mbili, moja ikielekeza kwa aliyetangulia na nyingine kwa anayefuata, kisha linaandika upya methodi za kuongeza na kuondoa ili viungo hivyo visikatike. LRUMap inasimama juu ya hilo: kila jozi inaposomwa husogezwa hadi mwisho wa foleni, hivyo iliyoko mbele daima ndiyo iliyosahaulika zaidi. Jambo ambalo wengi hulikosa hapa ni kwamba katika LRUMap hata kusoma ni kubadilisha. Sehemu mbili za programu zinazosoma kwa wakati mmoja bila kulindana zinaweza kuuharibu mpangilio, ingawa hakuna iliyoandika kitu.

Mgawanyo wa namna hii haufanyiki kwa siku moja, na wala haupaswi kuanza na klasi mama. Njia iliyozoeleka ni kuanza na majedwali mawili au matatu yaliyopo, kutafuta mistari inayojirudia, kuitoa mistari hiyo na kuifanya methodi yenye jina linaloeleza nia yake, kisha kuipandisha methodi hiyo kwenye klasi ya juu. Baada ya kila hatua majaribio yanaendeshwa. Commons Collections ina utaratibu unaostahili kuigwa: kuna klasi moja ya majaribio ya jumla inayokagua ahadi zote za Map, na kila jedwali jipya hurithi majaribio hayo na kuyapita yote kabla ya kuongeza ya kwake. Bila kinga kama hiyo hakuna anayejua kama muundo tu umebadilika au na matokeo pia yamebadilika, na msimbo huo haujapangwa upya bali umebahatishwa.

Kuna mtego mmoja unaowakamata hata wazoefu. Katika Java, klasi mama huundwa kwanza, mtoto baadaye. Ikiwa mama, wakati wa kuundwa, ataita methodi iliyoandikwa upya na mtoto, methodi hiyo itafanya kazi wakati sehemu za mtoto bado ni tupu. AbstractHashedMap inaita methodi ya init kwa makusudi katika hatua hiyo, ili mtoto ajiandae, na hutumia init hiyohiyo jedwali linaponakiliwa au linaporejeshwa kutoka faili. Jedwali la mpangilio huunda kichwa cha foleni yake ndani ya init. Lau mwandishi angeongeza pale sehemu inapotangazwa kwamba ianze ikiwa tupu, kile kilichowekwa na init kingefutwa sekunde ileile, na kosa hilo lingekuwa gumu sana kulibaini kwa macho.

Gharama kubwa zaidi ya kufungua klasi huonekana baada ya miaka. Desemba 2011, katika kongamano la usalama wa kompyuta mjini Berlin, ilionyeshwa jinsi mshambuliaji anavyoweza kuipelekea seva maelfu ya funguo zilizochaguliwa ili zote ziangukie chumba kimoja. Mnyororo unarefuka, kila utafutaji unaupitia wote, na seva inazidiwa na kazi. Java 8, ya Machi 2014, ilijibu kwa kubadili umbo la ndani la HashMap: mnyororo ukifikia maingizo 8, na safu ikiwa na vyumba 64 au zaidi, maingizo hayo hupangwa kuwa mti, ambamo utafutaji huchukua hatua chache. Yakipungua hadi 6, huweza kurudishwa kuwa mnyororo. Katika mabadiliko hayo addEntry na createEntry zilitoweka, zikaingia newNode, afterNodeAccess, afterNodeInsertion na afterNodeRemoval. LinkedHashMap ilirekebishwa siku hiyohiyo kwa kuwa imo kifurushi kimoja. Hakuna programu ya nje iliyovunjika kwa sababu hiyo, maana hakuna ya nje iliyowahi kuruhusiwa kuzigusa. Lau methodi hizo zingekuwa wazi tangu mwanzo, huenda mti usingewezekana kabisa. Wanaoilaumu Sun kwa kuifunga HashMap wanapaswa kulipima hili pia.

Waliovunjikiwa ni wengine. Hadi Java 7, methodi ya putAll, inayoingiza jozi nyingi kwa mkupuo, iliita put kwa kila jozi. Wanaprogramu waliorithi HashMap na kuandika upya put, labda ili kukagua kila ufunguo unaoingia, walipata ukaguzi wa putAll bila kuugharimia. Katika Java 8 putAll iliacha kuita put. Ikaita methodi ya ndani isiyoonekana nje. Ukaguzi ukakatika kimyakimya, bila onyo wala kosa. Hakuna ahadi iliyovunjwa, kwa kuwa maelezo ya HashMap hayakuwahi kusema putAll itapitia put. Toleo hilohilo liliongeza methodi mpya kama putIfAbsent na merge, ambazo HashMap inazitimiza moja kwa moja kwenye maingizo yake. Hizo nazo zinaipita put pembeni.

Bloch alikuwa amekwisha kuonya juu ya hatari hii katika kitabu chake cha mwaka 2001, Effective Java, kwa mfano wa klasi iliyorithi HashSet, mkusanyiko wa vitu visivyojirudia, ili ihesabu vitu vinavyoongezwa. Klasi mtoto ilihesabu katika add, inayoongeza kitu kimoja, na pia katika addAll, inayoongeza vingi kwa mkupuo. Kwa kuwa addAll yenyewe huita add, vitu vitatu vilihesabiwa sita. Dawa aliyoitoa ni kufungasha badala ya kurithi. Klasi mpya inakuwa na HashMap ndani yake kama sehemu ya siri, inatii kiolesura cha Map, na kila ombi inalipitisha kwa HashMap hiyo baada ya kulikagua. HashSet yenyewe imejengwa hivyo: ndani yake kuna HashMap. Faida ya njia hii ilionekana wazi katika Java 8. Kiolesura cha Map kilipoongezewa merge na putIfAbsent, kilikuja na msimbo wa akiba unaozitimiza kwa kuita get na put. Jedwali lililofungashwa, lisilo na merge yake, lilipokea msimbo huo wa akiba, nao ukaita put yake yenye ukaguzi. Lililorithi HashMap lilipitwa, lililofungasha likalindwa.

Kufungasha hakumalizi kila haja. Hakuwezi kubadili namna hashi inavyokokotolewa wala ingizo linabeba nini, kwa sababu hayo yamo ndani kabisa. Kwa upande wa hashi na usawa kuna njia ya tatu, ya kuukabidhi uamuzi kwa kitu kinachotoka nje wakati jedwali linapoundwa. TreeMap ya Java imekuwa nayo tangu 1.2: hupewa kilinganishi kinachojua nani atangulie. HashMap haina mfano wake, na huo ni upungufu wa kweli. Maktaba nyingine zimeuziba. Eclipse Collections na fastutil zote zina majedwali yanayopokea kutoka nje kanuni ya hashi na ya usawa. Mwenye "Asha" na "ASHA" hahitaji hapo klasi mpya ya jedwali, anahitaji kitu kidogo chenye methodi mbili.

Kwa hiyo chaguo lina mpangilio unaoeleweka. Anayetaka kukagua, kuhesabu au kuzuia, afungashe. Anayetaka usawa wa aina yake, atumie jedwali linalopokea kanuni. Anayetaka ukomo wa jozi, removeEldestEntry inamtosha. Kurithi kubaki kwa yule anayebadili ingizo lenyewe au maisha yake, na arithi klasi iliyoandikwa ili irithiwe, yenye maelezo ya methodi ipi inaita ipi.

Na mwandishi wa klasi kama hiyo ajue kwamba kila anachokionyesha kitadaiwa. AbstractHashedMap inao ushahidi katika maelezo yake yenyewe. Kuanzia toleo la 3.1 ilifanywa mtoto wa AbstractMap, kwa sababu moja tu: ReferenceMap, ile inayojifuta kumbukumbu inapobana, ilikuwa mtoto wa AbstractMap katika toleo la 3.0, na programu za watu zilizotegemea undugu huo hazikupaswa kuvunjika. Toleo la 4.0 lilipotoka Novemba 2013, likiwa na jina jipya la kifurushi, undugu huo ulikuwa bado upo, na maelezo ya klasi yanasema utaondolewa katika toleo la 5.0.